Kuvuka Mlima Hanang na mzigo mgongoni, Katesh hadi Gitting: begi la kilo 26 linapunguzwaje?

Jiwe la Kirumba

Habari za jioni wakuu. Tuko wanne hapa Mwanza. Mwishoni mwa Julai tunataka kupanda Hanang, kule Manyara, kutokea mji wa Katesh kwa njia ya Jorodom, tulale mlimani mara mbili, halafu badala ya kurudi tulikotoka tuvuke mgongo wa mlima tushukie upande wa Gitting. Kila mtu abebe chake, hatutaki wapagazi. Tumeshaambiwa kwamba juu hakuna maji ya kutegemea.

Tumepima kitu kimoja kimoja. Begi la mwenye hema limekuja hivi: begi lenyewe 2.2, hema la watu wawili 3.4, mfuko wa kulalia 1.9, sponji 0.8, nguo 3.1, chakula 3.2, jiko la gesi na sufuria 1.3, vikorokoro (pawabenki, kamera, spika, taulo) 1.6, maji lita 9. Jumla kilo 26.5. Mwepesi wetu ana kilo 58 za mwili, mzito ana 74.

Naomba wenye uzoefu mtusaidie: kipi kitoke, begi lipangweje, na kuna maana kuvuka na mzigo wote huo au tunajitesa?

---

Dumu la Lita Tano

Mkuu, tatizo lako haliko kwenye hema, liko kwenye maji na idadi ya siku. Lita 9 ni nzito, na hapohapo hazitoshi.

Mtu anayepanda mteremko mkali na mzigo anywe karibu nusu lita kwa saa. Siku ya kwanza weka lita 3 za njiani, moja na nusu ya kambini (chai, kupika, kunywa usiku), na siku ya pili lita 3 za kumalizia kupanda na kushuka. Hiyo ni 7.5 kwa kulala mara moja tu. Ukiongeza usiku wa pili unaongeza lita 4 nyingine, na lita moja ni kilo moja, haina mjadala. Kwa mpango wenu wa kulala mara mbili mngehitaji lita 11 na ushee, ninyi mna 9. Maana yake siku ya tatu mnashuka na midomo mikavu, na mtu aliyekaukiwa ndiye anayejikwaa.

Kwa hiyo usiku mmoja mlimani, mwingine mlale Katesh kabla ya kuanza. Hapo mnapata faida ya pili: Mwanza iko mita 1,134 hivi, usawa wa ziwa, na kilele cha Hanang ni mita 3,420 hivi. Mwili ukilala kwanza Katesh unaanza kuzoea kabla hujauwekea mzigo. Asubuhi ya safari kila mtu anywe lita nzima kabla ya kuvaa begi. Maji yaliyo tumboni hayakati mabega.

Sasa kata hivi. Hema mgawane: mmoja kitambaa, mwenzake nguzo, vigingi na turubai la juu, 1.7 kila mmoja. Jiko moja linatosha watu wanne, weka hadi nusu kilo kwa kichwa. Nguo zishuke hadi 1.8: za kutembelea ziko mwilini, begini kuna sweta moja la sufu, koti la mvua, soksi jozi mbili, fulana ya kulalia na kofia. Jinzi iache nyumbani. Ikilowa inavuta baridi na haikauki. Vikorokoro 0.7, na hilo spika sijui linakwenda kumpigia nani. Chakula kilo 1.5. Jumla inakuja 18.6 badala ya 26.5.

Kwenye chakula ninyi watu wa Kanda ya Ziwa mmebahatika. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa kabla ya kukaushwa, kwa hiyo unatafuna ukitembea. Michembe, viazi vilivyokaushwa vibichi, usibebe, hiyo inataka sufuria na maji mengi. Ongeza dagaa wa kukaanga wenye chumvi, karanga na chapati za siku ya kwanza. Maharage na mchele wa kuchemsha muda mrefu sahau: maji ya Mwanza yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, lakini mita 3,000 yanachemka kwenye 90, utamaliza gesi na maharage bado yanagonga meno.

La mwisho, na hili wengi hulikosea kwa kujifanya wana usawa: mzigo haugawanywi sawa kwa sawa. Kwenye mteremko mkali robo ya uzito wa mwili ndiyo mpaka mzuri. Wa kilo 58 asipite 15, kwa hiyo hema na jiko visimguse, na lita moja na nusu ya maji yake abebewe. Wa kilo 74 atafika 20 na kidogo, ni juu ya robo yake, ila lita 3 zitakuwa zimenywewa kabla ya kambi.

---

Binti Nyegezi

Mimi naanza na hilo la kuvuka. Msipange kushukia Gitting mkiwa bado Mwanza. Hanang ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Mnapita ofisini kwao, mnalipia, mnachukua mwongozaji wa palepale, na ndiye atakayewaambia kama njia ya upande wa pili inapitika. Desemba 3, 2023 tope liliporomoka kutoka mlima huu likafika Katesh na vijiji vya chini yake, watu wengi wakafa. Mteremko uliowahi kukatika haurudi ulivyokuwa kwenye ramani ya simu. Julai ni kiangazi, hilo mmepatia, lakini hata kiangazi ukungu huko juu unaweza kufunga usione mita kumi.

Ushauri wangu: kambi acheni palepale, alfajiri mpande na begi dogo lenye maji, koti na chakula, mrudi mkunje hema mshuke Katesh. Mgongo wa Hanang ukishaufikia bado hujafika. Unaona kilele, unakifikia, kumbe cha kweli kiko mbele, na katikati ni mawe na kupanda-kushuka kwenye upepo. Hapo begi kubwa ni adui.

---

Sindano na Uzi

Hamjasema mabegi mmeyatoa wapi. Kama ni mitumba ya Mlango Mmoja, yakagueni kabla hamjapima chochote.

Geuza begi ndani nje. Ile rangi ya plastiki upande wa ndani ikinata vidoleni na kunuka kama matapishi, imeshaoza, maji yatapita na itaendelea kubanduka. Sio mwisho wa dunia, begi linabeba tu, ila msilitegemee kwa mvua. Tumieni ule mfuko wa nailoni mzito unaokaa ndani ya gunia la sukari, ingiza begini kwanza ndipo upange vitu humo ndani, kisha sokota mdomo. Rambo zilishapigwa marufuku tangu 2019 na hata hivyo zilikuwa zinapasuka.

Pili, pitisha mkono mgongoni mwa begi utafute mabapa mawili ya aluminiamu. Mara nyingi yametolewa, na bila hayo begi la kilo 18 linajikunja katikati, uzito wote unaning'inia mabegani hata ufunge mkanda wa kiuno vipi. Mafundi wa madirisha ya alumini wana vipande, unakata urefu sawa na mfuko wake, unakunja taratibu kufuata mgongo wako.

Tatu, vuta kwa nguvu pale mkanda wa bega unapoungana na begi juu. Ndipo panapokatika. Fundi viatu apige mishono ya X kwa uzi wa nailoni, sio uzi wa pamba. Klipu ya kiunoni ikiwa na ufa au imepauka kwa jua, badilisha na beba ya akiba. Ni gramu chache, na ikivunjika njiani hakuna namna nyingine ya kupeleka uzito kiunoni.

Viatu navyo. Kiatu cha mlima cha mtumba kinaweza kuwa kipya machoni na kimekufa ndani. Bonyeza kwa ukucha ile tabaka laini iliyo kati ya ngozi na mpira wa chini. Ikimeguka, soli nzima itabanduka kwa siku moja ya mzigo, na gundi haisaidii kwa sababu kilichooza sio gundi, ni tabaka lenyewe. Kwa hiyo tembeeni na viatu hivyo na mzigo wiki kadhaa hapa mjini, kama ni cha kufa kife Nyakato.

Kupanga: mfuko wa kulalia chini kabisa. Maji na chakula katikati, vigandamane na mgongo, usawa wa chini ya mabega. Nguo zijaze nafasi za nje na pembeni. Koti la mvua juu. Uzito ukikaa mbali na mgongo unakuvuta nyuma, unalazimika kuinama, na kiuno kinauma saa mbili tu baadaye. Maji gawa kwenye chupa za lita moja na nusu, sio dumu moja la lita tano. Dumu likibaki nusu maji yanacheza, na kila hatua begi linakusukuma upande.

Kuvaa: legeza mikanda yote. Inua begi hadi pajani kwanza, ingiza mkono mmoja, geuka, ingiza wa pili. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mfupa wa nyonga, sio tumboni na sio chini ya nyonga, funga huo kwanza. Halafu mabega mpaka yaguse tu, bila kubeba. Halafu vikamba vya juu ya mabega, vuta kidogo. Mwisho kifua. Vidole vikifa ganzi, mabega yamebanwa, rudisha uzito kiunoni. Paja likifa ganzi upande wa nje, mkanda wa kiuno umekaa chini au umekazwa kupita kiasi.

---

Jiwe la Kirumba

Aisee, asanteni sana. Spika limeshatoka (mwenyewe amenuna). Tumepima upya Mwaloni kwa mizani ya kuning'iniza ya dagaa, tuko 19 kwa mwenye mwili mkubwa na 15.2 kwa mwepesi.

Bado mawili. Mazoezi ya kupanda tunayafanyia wapi hapa mjini ili yafanane na mlima? Na kushuka: mmoja wetu magoti humsumbua kila akishuka mlima wa Bugando hata bila mzigo.

---

Ngazi za Igogo

Mkuu, unaishi katika mji wa mawe na unauliza pa kupandia! Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugando, kote huko watu wanashuka na kupanda ngazi za mawe kila siku wakiwa na ndoo kichwani. Chagueni mlima mmoja wenye njia ndefu isiyo na magari, muwe mnaanza saa 12 asubuhi kabla ya jua. Mvua ikinyesha achaneni na mawe matupu, yanateleza.

Kutoka Katesh hadi kileleni ni zaidi ya mita 1,500 za kupanda. Mwenye mzigo mzito anayekwenda vizuri hupanda mita 250 hadi 300 kwa saa. Hicho ndicho kipimo cha mazoezi, sio kilomita. Ngazi ya kawaida ina kimo cha sentimita 17 hivi, kwa hiyo mita 300 ni ngazi 1,760. Jengo la ghorofa nne lenye ngazi 70 ukilipanda mara 25 umefika. Inachosha akili kuliko miguu, lakini hesabu yake haidanganyi.

Anzeni na kilo 8, ongezeni 2 kila wiki, mara mbili kwa wiki, wiki sita hadi nane. Kwa mzigo tumieni chupa za maji, msitumie mchanga. Mkifika juu mnamwaga, mnashuka wepesi, magoti yanapona. Kama kuna mti pale juu, mwagieni mti.

Namna ya kupanda mkiwa na mzigo: dakika 20 za kwanza polepole hadi mjione wajinga. Hatua fupi, soli nzima iguse chini, usipande kwa vidole kwa sababu vigimbi vitawaka moto. Penye mwinamo mkali sana, kila ukipiga hatua unyooshe kabisa mguu wa nyuma, uache mifupa ibebe uzito kwa nusu sekunde huku mguu wa mbele umelegea, ndipo uhamie mbele. Msuli unapata pumziko dogo katika kila hatua, na baada ya hatua elfu nne utaona tofauti. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kukata pumzi, umezidisha mwendo. Kwenye mapumziko egemeza begi kwenye jiwe lenye kimo cha kiuno, usilivue. Kulivua na kulinyanyua tena kila nusu saa kunamaliza nguvu kuliko mnavyodhani.

---

Bandeji

Kumwaga maji juu nakubali kwa wiki tatu za kwanza tu. Baada ya hapo bakizeni nusu ya mzigo wakati wa kushuka, na wiki mbili za mwisho mzigo wote isipokuwa huyo wa magoti. Sababu: wakati wa kushuka msuli wa mbele ya paja unafanya kazi huku unarefuka, ndiyo kazi inayouchana na kuleta yale maumivu ya kesho yake. Msuli usiozoeshwa kazi hiyo unachoka katikati ya mteremko, na ukichoka, goti ndilo linalopokea kishindo.

Huyo wa magoti apate fimbo mbili. Za dukani hazilazimiki, mianzi miwili mikavu inayofika usawa wa kiwiko inatosha kupandia, ila wakati wa kushuka zinahitajika ndefu zaidi kwa sentimita 5 hadi 10, kwa hiyo akate ndefu na azungushie mpira wa baiskeli sehemu mbili za kushika. Ncha ya chini aifunge mpira pia, mwanzi mtupu unateleza juu ya jiwe. Fimbo zitangulie kugusa chini, kisha mguu. Hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, asitue kisigino na mguu ulionyooka. Kama goti linavimba au linakwama, hilo sio la fimbo, aende hospitali kabla ya kukata tiketi.

Kucha za miguu zikatwe siku tatu kabla. Wakati wa kushuka kaza kamba za kiatu juu ya kifundo ili mguu usiteleze mbele, vinginevyo kucha za vidole gumba zitakuwa nyeusi. Mahali panapoanza kuwaka moto simama palepale, bandika plasta ngumu kabla lengelenge halijajaa.

Jambo la watu wa ziwani: wote wanne pimeni wingi wa damu mwezi mmoja kabla. Malaria ya karibuni na kichocho cha muda mrefu huweza kushusha damu, na mwenye damu ndogo atapumua kwa shida juu hata awe na miguu ya chuma. Hata mwenye damu ya kutosha, kuanzia mita 2,500 kwenda juu kichwa kinaweza kuuma. Kikiuma, pumzika, kunywa maji, usipande zaidi hadi kiishe. Kikiongezeka, au mtu akianza kutapika au kuyumba kama mlevi, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, akiwa na mtu na tochi, na begi lake libebwe na wengine.

---

Dumu la Lita Tano

Nirudi kwa Binti Nyegezi kuhusu kuvuka. Kwa uzito peke yake hoja yake haisimami tena. Asubuhi ya pili 7.5 za maji zimebaki 3, chakula kimepungua, kwa hiyo lile begi la 18.6 liko 13 na kidogo, ongeza nusu kilo au zaidi ya umande kwenye hema. Kilo 14 zinavukika. Kinachoamua ni upepo na njia, na hapo nakubaliana naye kabisa: mwongozaji akisema Gitting haipitiki, suala limekwisha.

Akisema inapitika, pangeni upya mabegi asubuhi hiyo. Maji na hema vishuke chini zaidi begini, karibu na kiuno, kwa sababu mzigo wa juu kwenye mgongo wa mlima unashikwa na upepo na kukuyumbisha. Visivyo ndani ya begi viingie ndani, sponji lililofungwa kwa nje linageuka tanga la ngalawa. Kaza vikamba vyote vya pembeni. Penye jiwe la kupanda kwa mikono, msipande na begi: mmoja anapanda mtupu, mabegi yanapitishwa mkono kwa mkono kwa kushika kile kitanzi cha juu, sio mkanda wa bega. Asikae mtu chini ya begi linalopitishwa.

Baridi msiidharau. Kwa kila mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6 hadi 7, kileleni ni kama 15 chini ya Mwanza, na hapo upepo sijautia. Mkisimama tu, sweta mwilini kabla jasho halijapoa. Sweta za sufu pale Mlango Mmoja hazigombewi, nani atazivaa Mwanza?

Wekeni saa ya kugeuka, saa 5 asubuhi. Kama saa hiyo hamjafika kilele cha kweli, mnarudi Jorodom bila kura. Kushukia njia msiyoijua alasiri mkiwa mmechoka, maji yamebaki chupa moja, ndipo watu wanapopotea msituni.

---

Jiwe la Kirumba

Nimeelewa. Tutaanzia TFS. Na basini, mabegi yanakwenda vipi? La Arusha linalopita Singida si ndilo?

---

Sindano na Uzi

Ndilo, linapita Shinyanga, Nzega na Singida, mwambieni konda mapema kwamba mnashuka Katesh. Begi liingie kwenye kiroba cha sandarusi, mikanda yote ndani, fungeni mdomo kwa kamba, ndipo liende kwenye buti. Mkanda unaoning'inia ukinaswa na gunia la mtu mwingine unang'olewa na mishono yake. Viatu vya mlima vaeni au shikeni mkononi. Mtungi wa gesi usipande basi, na msiende Katesh kubahatisha: kama hamna uhakika wa kuupata hukohuko, acheni jiko, kuleni matobolwa na dagaa, na lile sufuria libaki Kirumba.